Linux imekuwa bubu, kinanda cha MIDI nacho hakisikiki: mwongozo wa kutafuta sauti ilipokwamia

Kabla hujagusa chochote, nakuomba kitu kimoja tu, usiinstoli upya mfumo mzima kwa sababu ya sauti. Mimi nilishafanya hivyo mara 2, kila mara nikapoteza Jumamosi nzima na tatizo likabaki palepale. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, laptopu yangu ni ya mtumba, siku moja spika zikanyamaza kabisa nikapeleka kwa fundi akaniambia spika zimekufa, tufungue tubadilishe. Nikarudi nayo nyumbani roho inauma, baadae nikakuta ni mstari mmoja tu kwenye miksa ulikuwa umewashwa, spika zilikuwa nzima kama mpya. Huo mstari ntauonyesha huko mbele.

Ujue sauti kwenye Linux inapita ngazi kadhaa. Chini kabisa kuna chuma chenyewe, yani kadi ya sauti na spika. Juu yake kuna kerneli, yani kiini cha Linux, na sehemu yake inayoitwa ALSA, hiyo ndo inaongea na chuma. Juu ya ALSA kuna seva ya sauti inayogawa sauti kwa programu zote, zamani ilikuwa PulseAudio na siku hizi karibu kila mahali ni PipeWire (Fedora walihamia toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu toleo la 22.10). Juu kabisa ndo programu zako. Kazi yako ni kujua imekwama ngazi gani, kwa hiyo tunaanzia chini tunapanda, na tunabadilisha kitu kimoja kimoja, ukibadilisha vitano kwa mpigo hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Fungua teminali, lile dirisha la kuandika amri, uweke vifaa vya kazi kwanza, kwa Ubuntu, Mint na Debian ni hivi:

sudo apt install alsa-utils pavucontrol pulseaudio-utils

Je, kompyuta inaiona kadi?

Andika hii:

aplay -l

Ukiona orodha ya kadi, kerneli inaiona, ruka uende sehemu inayofuata. Ukiambiwa hakuna kadi, na kwenye settings za sauti unaona kitu kinaitwa "Dummy Output", maana yake seva ya sauti imekosa kadi ya kushika ikajitengenezea ya bandia. Hapa watu wengi wanahangaika na volyumu wee, volyumu haina kosa, hakuna kadi. Jaribu:

lspci -nnk | grep -iA3 audio
sudo dmesg | grep -iE 'sof|snd'

Ya kwanza inakuonyesha kadi na draiva inayoitumia. Ya pili inakuonyesha malalamiko ya kerneli. Laptopu mpya mpya za Intel zinahitaji fimwea inayoitwa SOF, isipokuwepo kadi haiamki, na dmesg itakwambia wazi kuna faili imekosekana. Kwa Debian kifurushi ni firmware-sof-signed, Fedora ni alsa-sof-firmware, Arch ni sof-firmware. Ukishaweka, zima kompyuta kabisa halafu washa. Na kama una Windows humohumo ndani, ingia Windows uzime ile "Fast Startup" yake, manake Windows ikiwa hivyo huwa haizimi kweli, inalala, na kadi inaweza kubaki kwenye hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha.

Sasa kuna Dummy Output ya aina nyingine ambayo inachekesha, kadi iko vizuri kwenye aplay -l lakini seva ya sauti haiipati kwa sababu kuna mtu ameikalia. Mcheki huyo mtu:

sudo fuser -v /dev/snd/*

Ukiona timidity au fluidsynth hapo, umempata. Zote ni programu za kugeuza MIDI (ujumbe wa noti unaotoka kwenye kinanda) kuwa sauti, na kwenye baadhi ya distro, yani aina za Linux kama Ubuntu na Debian, ukiziweka zinajiwasha zenyewe kimyakimya nyuma na kushika kadi. Mtu anaweka kitu ili apate sauti ya kinanda afu anapoteza sauti yote ya kompyuta! Kwa fluidsynth:

systemctl --user disable --now fluidsynth.service

Kwa timidity, ondoa kifurushi cha timidity-daemon, programu yenyewe inabaki bila shida.

Miksa, hapa ndo penye siri nyingi

Andika alsamixer. Itakufungulia ubao wa milingoti, lakini mara nyingi utaona mlingoti mmoja tu au miwili na watu wanaishia hapo wanasema mbona iko asilimia 100. Hiyo siyo kadi yako, hiyo ni seva ya sauti inajionyesha. Bonyeza F6, chagua kadi ya kweli kwa jina, ndo utaona Master, Headphone, Speaker, PCM na wenzao. Chini ya kila mlingoti kuna herufi, ikiwa 00 imefunguliwa, ikiwa MM imenyamazishwa, unasogea kwa mshale na kubonyeza M kuifungua. Panda kwa mshale wa juu mpaka isome 0 dB hivi.

Sasa sogea kulia mwishomwisho utafute "Auto-Mute Mode". Huu ndo mstari wangu ule. Kazi yake ni kuzima spika ukichomeka hedifoni. Wazo zuri, ila tundu la hedifoni likiingia vumbi au kile kibati cha ndani kikipinda, kompyuta inaamini hedifoni ziko ndani saa zote na spika zinabaki bubu. Weka Disabled kwa mshale wa chini, toka kwa Esc, kisha jaribu:

speaker-test -c 2 -t wav

Utasikia mama wa Kizungu anataja spika ya kushoto na ya kulia. Ctrl+C kumnyamazisha. Ukimsikia, tunza hiyo mipangilio kwa sudo alsactl store.

Usipomsikia, mjaribu moja kwa moja bila kupita kwenye seva. Funga vitu vyote vinavyotoa sauti, subiri sekunde kadhaa, afu:

speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav

Zile namba 1,0 ni namba ya kadi na namba ya kifaa, unazitoa kwenye aplay -l, usinakili zangu. Hapa kuna mtego, laptopu nyingi zenye Intel kizazi cha 4 na cha 5, ambazo ndo zimejaa kwenye maduka ya mtumba, kadi 0 ni ya HDMI na spika ziko kadi 1 inayoitwa PCH. Yani sauti inatoka vizuri kabisa ila inaelekea kwenye tivi ambayo hujachomeka.

Yule mama akiongea kwa plughw lakini kwa kawaida haongei, chuma kizima, ALSA nzima, tatizo liko kwenye seva. Asipoongea kabisa na milingoti yote iko wazi, jaribu hedifoni, na kama hedifoni zinaongea spika hapana na Auto-Mute umeshaizima, basi hapo fundi anaweza kuwa sahihi.

Seva ya sauti

Ujue kwanza unatumia ipi:

pactl info | grep "Server Name"

Ikijibu PulseAudio (on PipeWire na namba) unatumia PipeWire, hilo jina la PulseAudio ni koti tu la kuwafanya programu za zamani zisistuke. Ikisema pulseaudio peke yake, bado uko kwenye ya zamani. Ikigoma kuunganisha, seva haijawaka. Kwa PipeWire iwashe upya hivi:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Usiweke sudo hapo. Nasema tena usiweke sudo, hizi ni huduma za mtumiaji siyo za mfumo, ukiweka sudo utakuwa unaamsha za root, yani msimamizi mkuu wa mfumo, ambaye hata hasikilizi muziki.

Halafu andika wpctl status. Chini ya Sinks utaona njia za kutokea sauti, yenye nyota ndo inayotumika sasa. Nyota ikiwa kwenye HDMI, chukua namba ya spika zako, tuseme ni 52, andika wpctl set-default 52. Kama hupendi kuandika, fungua pavucontrol, ni ya kubofya na kwa ukweli mimi naipenda zaidi. Kwenye kichupo cha Configuration angalia kadi yako isiwe imewekwa Off, profaili iwe Analog Stereo Duplex ukitaka spika na maiki pamoja. Kwenye kichupo cha Playback, cheza wimbo uone kama mstari wa kiwango cha sauti unacheza. Ukicheza na husikii, sauti inaenda sehemu nyingine, bofya pale pembeni umwelekeze. Usipocheza, programu yenyewe ndo haitoi.

Kuna siku utafanya yote haya na bado, hasa baada ya apdeti kubwa. WirePlumber, msaidizi wa PipeWire anayepanga sauti ipite wapi, anakumbuka chaguzi zako za zamani na wakati mwingine anakumbuka upuuzi. Mfute kumbukumbu kwa kuihamisha, usiifute kabisa:

mv ~/.local/state/wireplumber ~/wireplumber-zamani

Washa upya zile huduma tatu. Hii imeniokoa zaidi ya mara moja.

Bluetooth naisema kwa kifupi. Ukiona hedifoni za bluetooth zimekuwa na sauti ya simu ya mezani, kuna programu imeomba maiki, zikahamia profaili ya kupigia simu. Rudisha A2DP, ile profaili ya kusikilizia muziki, kwenye pavucontrol. Na usipige kinanda kupitia bluetooth, inachelewa mno, utagombana na mpiga ngoma bure.

Sasa MIDI

MIDI haina sauti. Tangu ilipotoka mwaka 1983 haijawahi kuwa na sauti, ni barua tu, kinanda kinaiandikia kompyuta kwamba noti namba 60 imebonyezwa kwa nguvu kiasi hiki kwenye chaneli 1, na baadae kwamba imeachiwa. Barua inaweza kufika salama salimini na usisikie kitu kwa sababu hakuna wa kuisoma na kuimba. Ndo maana ukichomeka kinanda kwenye Linux na kukuta kimya, inawezekana kabisa hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo kuna maswali matatu tofauti, usiyachanganye: barua inafika? muimbaji yupo na anaimba? wawili hao wameunganishwa?

Barua kwanza. Kinanda chenye tundu la USB la mraba kinatumia waya uleule wa printa, chomeka, washa kinanda, kisha:

aconnect -l

Utaona System namba 0, Midi Through namba 14, na kinanda chako, mara nyingi 20 au 24 hivi. Kisipokuwepo angalia lsusb, kama hata huko hakipo badilisha waya, zile keyboard ndogo za USB zinazotumia waya kama wa simu zinasumbua hapa kwa sababu kuna nyaya za kuchajia tu ambazo ndani hazina njia ya data. Ukiona malalamiko kwamba /dev/snd/seq haifunguki, andika sudo modprobe snd-seq.

Kinanda cha zamani chenye yale matundu ya duara ya pini 5 kinahitaji waya wa kubadilisha kwenda USB. Kwenye nyaya za bei rahisi yale maandishi ya IN na OUT yanachanganya watu, wengine wanamaanisha "ichomeke kwenye IN" na wengine wanamaanisha "hii ni IN yangu". Isipofanya kazi zigeuze tu, haiunguzi kitu.

Kinanda kikishaonekana, sikiliza barua:

aseqdump -p 20:0

Bonyeza kitufe. Ukiona mistari ya Note on na namba, swali la kwanza limekwisha. Vinanda vingine vinatuma Active Sensing na Clock (barua za "bado nipo" na za mapigo, siyo noti) bila kupumua mpaka skrini inakimbia, hapo ongeza | grep Note ubaki na noti peke yake. Usipoona noti kabisa wakati kinanda kinaonekana, ingia kwenye menyu ya kinanda chenyewe uangalie mipangilio ya kutuma MIDI.

Muimbaji sasa. Mimi natumia FluidSynth na saundifonti ya FluidR3, ni faili ya zaidi ya MB 100 yenye vyombo vyote vya General MIDI, ile orodha ya kawaida ya vyombo vya muziki. Kama bando linakubana kuna timgm6mb-soundfont, ni MB 6 hivi, sauti yake nyepesi ila inatosha kujaribia.

sudo apt install fluidsynth fluid-soundfont-gm
fluidsynth -a pulseaudio -m alsa_seq -g 1 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Hiyo -g 1 ni ya kuongeza nguvu, kawaida yake ni 0.2 na watu wengi hudhani haifanyi kazi kumbe inanong'ona. Sasa kuna kitu kizuri sana ambacho sikukijua kwa muda mrefu, FluidSynth ikishawaka inakupa sehemu ya kuandika amri, unaweza kumjaribu muimbaji bila kinanda:

noteon 0 60 100

Hiyo ni C ya katikati. Ukiisikia, muimbaji mzima, mnyamazishe kwa noteoff 0 60. Ukitaka kinanda cha kanisa andika prog 0 19 ujaribu tena. Angalia namba, humu chaneli zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo chaneli ya ngoma ambayo kwenye kinanda ni 10 humu ni 9, ukichanganya hapo utapiga piano usikie manyanga.

Usipoisikia wakati muziki wa kawaida unasikika, soma ilichoandika wakati inawaka, mara nyingi njia ya saundifonti umeikosea. Na kama programu yako ni ya snap (njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu) na haioni MIDI, jaribu ya apt kabla hujalaani, zile za snap hufungiwa ruhusa.

Swali la tatu, kuwaunganisha. Fungua teminali ya pili, aconnect -l tena, utaona FLUID Synth amepata namba, kawaida 128. Basi:

aconnect 20:0 128:0

Bonyeza kinanda. Ukisikia, karibu. Kuwatenganisha wote ni aconnect -x. Kosa nililolifanya miezi ni kuunganisha kwenye Midi Through nikidhani ndo mlango mkuu, ule ni mlango wa kupitisha tu, hakuna mtu ndani. Na hizo namba zinabadilika ukichomoa na kuchomeka, kwa hiyo usizikariri. Ukichoka kuunganisha kila siku ongeza -o midi.autoconnect=1 kwenye ile amri ya fluidsynth, itajiunganisha yenyewe. Wanaopenda picha wachukue qpwgraph, unavuta kamba kutoka huku kwenda kule kwa mausi, na Qsynth badala ya kuandika fluidsynth.

Noti zikisikika mara mbili mbili, kinanda kinaimba chenyewe na kompyuta nayo inaimba, zima Local Control kwenye kinanda. Noti ikiganda ikalia bila kukoma, ile barua ya kuachia imepotea njiani, andika reset kwenye FluidSynth au bonyeza Panic kwenye Qsynth. Na vinanda vingine vya siku hizi vinabeba sauti pia kwenye waya uleule wa USB, ukichomeka tu kompyuta inaweza kuhamishia sauti yote huko na laptopu ikawa bubu, rudi kwenye wpctl status uhamishe nyota.

Inalia lakini inachelewa

Hapa ni hesabu. Sauti inasafirishwa kwa mafungu, fungu la sampuli 1024 kwa kasi ya 48000 kwa sekunde ni milisekunde 21 hivi. Ni kama umekaa mita 7 kutoka kwenye spika yako, na hapo sijahesabu ucheleweshaji mwingine wa njiani. Kwa 256 inashuka mpaka 5 na kidogo, kwa 128 chini ya 3. Badilisha hivi huku unapiga:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256

Fungua pw-top pembeni uangalie safu ya ERR. Namba ikipanda na unasikia michakacho, kompyuta imezidiwa, rudi 512. Isipopanda shuka 128. Kurudisha kama zamani weka 0 mwishoni badala ya 256. Pia ile -a pulseaudio ina ucheleweshaji wake, siku ya kupiga kweli weka kifurushi cha pipewire-jack na upite hivi:

pw-jack fluidsynth -a jack -j -m alsa_seq -g 1 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Laptopu yangu ya mtumba inakaa 256 bila kelele, ikiwa kwenye chaja na kivinjari nimekifunga. Ukishapata namba yako iweke kudumu, tengeneza faili ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d/99-bafa.conf na ndani andika:

context.properties = {
    default.clock.quantum = 256
}

Washa upya huduma zile tatu bila sudo.

Ukikwama kabisa na unataka kuomba msaada kwa watu, usiandike "sauti haitoki" ukaishia hapo. Endesha alsa-info --no-upload, itakutengenezea faili yenye kila kitu cha kadi yako, ongeza na majibu ya wpctl status na aconnect -l, na useme yule mama wa speaker-test uliishia kumsikia wapi.